Chuo kimeniahirisha hadi Machi. Nifanye nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza Kidato cha Nne mwezi uliopita katika shule moja ya bweni hapa kaunti ya Kilifi. Novemba 1 niliomba chuo kimoja kidogo cha Marekani kwa ule mpango wa mapema wa kujifunga, ED (Early Decision). Juzi jibu limekuja: sikukubaliwa wala sikukataliwa, ombi langu limeahirishwa hadi duru ya kawaida. Kwenye SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, nilipata 1410. Nimeomba ufadhili wa karibu kila kitu, maana baba ni mvuvi na mama anauza samaki wa kukaanga. Tangu nirudi nyumbani sina la maana ninalofanya ila kumsaidia mama, na jioni nawafundisha hesabu watoto wa majirani. Binamu yangu anasema nitafute barua ya mheshimiwa wetu, nirudie SAT, na nilipie kozi ya uongozi ya wiki mbili mtandaoni nipate cheti. Mwingine ananiambia niombe ED ya pili kwenye chuo kingine. Je, nafasi bado ipo? Binti wa Kilifi.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Pole kwa kungoja wiki zote hizo kisha ukapewa jibu lisilo ndiyo wala siyo. Nafasi ipo. Nilikaa miaka sita nikisoma maombi katika ofisi ya udahili ya chuo cha aina hiyo unayoitaka, na kila Machi kulikuwa na majina ya walioahirishwa Desemba ambayo tuliyapitisha kwa furaha. Lakini sitakuficha kwamba wengi wa walioahirishwa hawapati. Kwa hiyo nitakueleza jinsi ya kulitia nguvu ombi lako, kisha nitakuomba muda wako mwingi zaidi uutumie kwenye vyuo vingine.

Kuahirishwa hakuna maana moja kila mahali. MIT kila mwaka huahirisha zaidi ya nusu ya waombaji wake wa mapema. Stanford hufanya kinyume: huahirisha wachache, wengine huwapa jibu la mwisho Desemba hiyohiyo. Georgetown kwa miaka mingi haikuwa na jibu la kukataa katika duru ya mapema. Asiyekubaliwa aliahirishwa tu. Vyuo vidogo kama chako viko katikati. Desemba kamati inagawa nafasi bila kujua nani ataomba Januari, na baadhi ya mafaili inayarudisha kabatini kwa sababu kuna kitu hakijaonekana. Nikitazama hali yako, nina dhana juu ya kitu hicho ni nini.

Kabla sijafika huko, jambo moja ambalo watoto wengi hawalijui. Ahadi yako ya ED imekwisha siku ulipoahirishwa. Kile kiapo ulichosaini, na mzazi wako na mwalimu wako wakasaini, kwamba ukikubaliwa utakwenda huko tu, sasa hakikufungi tena. Ukikubaliwa Machi una haki ya kulinganisha barua zao na za vyuo vingine hadi Mei 1, siku ambayo vyuo vingi hutaka jibu lako.

Sasa dhana yangu. Novemba 1 ulikuwa bado umo katikati ya mtihani wa KCSE. Faili lako liliposomwa lilikuwa na matokeo ya mihula, labda ya moki, na makadirio ya mwalimu. Msomaji aliye Marekani hana njia ya kujua kama shule yako inatoa alama kwa ukarimu au kwa ubahili. Mtihani wa taifa ndio kipimo pekee anachoweza kukiamini kutoka Kenya, na wewe hukuwa nao, hungeweza kuwa nao. Wenzako wengi wa Kenya huomba mwaka unaofuata wakiwa na matokeo mkononi. Matokeo ya KCSE ya 2023 yalitangazwa Januari 8, 2024, na ya 2024 yalitangazwa Januari 9, 2025. Ukienda mwendo huohuo, utapata matokeo yako wiki chache kabla kamati haijakaa upya. Mwombaji wa Marekani aliyeahirishwa anahangaika kutafuta jambo jipya la kusema. Wewe jambo jipya linakujia lenyewe, tena zito.

Lakini lazima lifike, na lifike likiwa limefasiriwa. Hapa ndipo wanafunzi wetu wengi hupoteza nafasi.

Chukua mfano wa 2024. Watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata A kamili walikuwa 1,693. Waliopata C+ kwenda juu, yaani kiwango cha kujiunga na shahada hapa nyumbani, walikuwa 246,391, robo na kidogo. Sasa mweke mbele ya namba hizo msomaji aliyezoea shule za Marekani, ambako A zimejaa darasani. Akiona B+ ya Kenya anadhani ni mwanafunzi wa kawaida. Hajui kwamba mwenye B+ amewaacha nyuma watu mamia ya maelfu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisimama kwenye kamati kuwaeleza wenzangu jambo hili, na si kila ofisi ina mtu wa kulieleza. Kwa hiyo mwombe mwalimu aliyeandika ripoti ya shule aambatanishe aya moja: watahiniwa walikuwa wangapi nchini, wangapi walipata gredi yako au zaidi, wangapi shuleni kwenu, na wewe ulikuwa wa ngapi. Taarifa ya Wizara ya Elimu hutoka na hesabu za nchi nzima siku ya kutangazwa matokeo. Aya hiyo ina thamani kuliko barua kumi za kukusifu.

Matokeo yatumwe na shule, si na wewe. Kwenye Common App, ile fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi kwa pamoja, kuna ripoti ya katikati ya mwaka ambayo mwalimu huijaza. Yako itabeba nakala ya matokeo ya KCSE. Na hapa nina ombi la kawaida kabisa ambalo limewaokoa wengi: mpigie mwalimu wako wiki hii, kabla ya Krismasi, umuulize kama bado anaikumbuka nywila ya akaunti aliyoitumia Oktoba. Shule nyingi hutumia barua pepe ya ofisi, karani akienda likizo mlango unafungwa. Nimeona faili zuri likibaki bila matokeo hadi Machi kwa sababu hiyo tu. Shule zikifunguliwa Januari, panda matatu uende mwenyewe.

Na kama gredi ikija chini ya ulivyotarajia? Itumwe vilevile. Chuo kitaidai hata hivyo, na ukimya huonekana vibaya kuliko C+ ya fizikia. Kama kulikuwa na sababu, ugonjwa au msiba wakati wa mtihani, iseme kwa sentensi mbili, na mwalimu aithibitishe kwa sentensi mbili zake. Usiipambe.

Baada ya matokeo ndipo barua yako ya kuthibitisha nia. Kwanza isome tena barua ya chuo neno kwa neno. Vyuo vingine hutaka ubonyeze mahali kwenye ukurasa wako wa mwombaji kusema unataka kuendelea, usipobonyeza umejitoa. Vingine vina fomu yao, kama MIT ambayo humtaka kila mwombaji ajaze fomu ya taarifa mpya mwezi wa Februari. Vingine husema wazi visitumiwe chochote zaidi ya matokeo, na vikisema hivyo, tii. Kama chako kinaruhusu barua, tuma moja, mara moja, katika nusu ya pili ya Januari, kupitia ukurasa huohuo au kwa barua pepe ya ofisa anayeshughulikia Afrika. Ukituma sasa hivi ofisi zao ziko karibu kufungwa kwa sikukuu, na huna jipya la kuwaambia.

Iwe ukurasa mmoja, maneno mia tatu au mia nne, kwa Kiingereza chako mwenyewe. Sentensi ya kwanza iseme kwamba bado unakitaka chuo hicho. Kama ni kweli kwamba ukipewa nafasi pamoja na ufadhili unaotosha utakwenda huko na si kwingine, sema hivyo. Maneno hayo yana uzito, na kwa sababu hiyo yaandikwe kwa chuo kimoja tu. Kisha taja gredi yako. Kisha nenda moja kwa moja kwenye lile ulilolidharau kwenye swali lako: watoto wa jioni.

Umeniandikia kwamba huna la maana ufanyalo. Binti yangu, msomaji wa maombi anaona mamia ya vilabu na mamia ya vyeo vya mwenyekiti na makamu wake. Msichana aliyerudi nyumbani kutoka mtihani, mchana yuko kwenye karai la samaki pamoja na mama yake, jioni anakusanya watoto wa jirani na kuwafundisha hesabu, huyo hamuoni kila siku. Tena ni jambo ambalo halikuwamo kwenye ombi la Novemba. Lichukulie kwa uzito tangu leo. Weka daftari. Andika majina ya watoto, nani amekuja, mmefanya nini, nani amekwama wapi. Ifikapo katikati ya Januari utakuwa na wiki kama nne za kumbukumbu za kweli, na kutoka humo utapata aya moja ambayo hakuna mwombaji mwingine duniani anayeweza kuiandika.

Nilimsaidia zamani kijana mmoja wa Lamu aliyeahirishwa kama wewe. Rasimu yake ya kwanza ilisema chuo kile ni ndoto yake tangu utotoni na kwamba ana ari ya kuibadilisha jamii. Nikamuuliza wiki iliyopita alifanya nini. Akanieleza, kwa aibu, kwamba pampu ya kisima cha madrasa iliharibika, akaifungua, akakuta mpira umeliwa na chumvi, akakata mwingine kutoka ndala kuukuu, ukadumu siku nne, akajaribu tena kwa mpira wa tairi. Nikamwambia aiandike hivyohivyo, pamoja na zile siku nne. Alikubaliwa. Sisemi ni kwa sababu ya pampu. Kamati huamua kwa mambo mengi kwa pamoja. Ninachojua ni kwamba rasimu ya kwanza ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, na ya pili ni yeye tu.

Malizia barua kwa jambo moja mahususi la chuo hicho linalokuvuta, jambo ambalo umelichunguza: somo fulani, jinsi wanavyofundisha, kazi ya mhadhiri fulani uliyoisoma. Usisifu majengo. Usilalamike, usiulize kwa nini uliahirishwa, na usitaje vyuo vingine.

Sasa ya binamu yako, ambaye najua anakupenda. Barua ya mheshimiwa iache. Mheshimiwa hakujui, na msomaji ataling'amua hilo kwenye mstari wa pili. Kama chuo kinaruhusu barua moja ya nyongeza, mwombe mwalimu wa somo ambaye hakuandika Oktoba na aliyekuona ukihangaika na kitu kigumu hadi kikakubali. SAT usiirudie kwa ajili ya chuo hiki. Mtihani wa Desemba umeshapita, unaofuata huku kwetu ni wa Machi, na alama zake zitatoka wakati kamati inafunga kazi. Cheti cha wiki mbili cha kulipia hakina kazi kabisa. Wasomaji wanazijua kozi hizo, wanajua zinauzwa. Fedha hiyo muachie mama anunulie mafuta ya kukaangia. Na akitokea wakala anayesema ana mtu ndani wa kufuatilia faili lako kwa ada fulani, mfunge simu usoni. Hakuna faili linalofuatiliwa hivyo.

ED ya pili inahitaji kufikiriwa kwa makini zaidi, kwa sababu hapo kuna swali la pesa, na pesa huenda nayo ilichangia kuahirishwa kwako. Vyuo vichache havitazami kabisa uwezo wa mwanafunzi wa kigeni wakati wa kuamua: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin ni miongoni mwao. Vingi vilivyobaki hutazama. Vina fungu la ufadhili la wageni lenye mwisho, na mwombaji anayehitaji kila kitu hushindana ndani ya fungu hilo. Hiyo si aibu yako wala ya baba yako. Ila inamaanisha kwamba, kwenye chuo kama hicho, sababu nyingine huenda ni kwamba Desemba hawakutaka kumaliza fungu mapema.

Usije ukapunguza kiasi unachohitaji ili uonekane nafuu. Nimewahi kushuhudia mwanafunzi akikubaliwa kwa namna hiyo, halafu familia ikashindwa kuonyesha fedha zinazotakiwa kabla ya kutolewa fomu ya I-20, na bila fomu hiyo hakuna viza ya mwanafunzi. Lakini kama kweli mjomba amesema atalipa tiketi, au mapato ya baba yamebadilika tangu mjaze CSS Profile, ile fomu ya hali ya fedha ya familia, iandikie ofisi ya ufadhili, kando na barua yako ya udahili, na ambatanisha ushahidi.

Maombi ya ED ya pili hufungwa mara nyingi kati ya Januari 1 na 15, na majibu hutoka katikati ya Februari. Ukikubaliwa, umefungwa tena, na utatakiwa kuyaondoa maombi mengine yote, pamoja na hili lililoahirishwa. Faida yake ni kwamba chuo kidogo hupenda kujua nani atakuja kwa hakika. Hasara yake kwa mtu wa hali yako ni kwamba hutapata kulinganisha ufadhili, na utakuwa umeamua kabla faili lenye KCSE halijasomwa kule ulikokupenda kwanza. Ningekuruhusu kwa masharti mawili: chuo hicho kiwe kimetamka kwamba kikimkubali mwanafunzi wa kigeni kitafidia mahitaji yake yote, na wewe uwe tayari kwenda huko bila kugeuka nyuma. Likikosekana sharti moja, omba duru ya kawaida. Nadhani wewe duru ya kawaida inakufaa, kwa sababu silaha yako kubwa ni matokeo, nayo bado hayajatoka.

Basi duru ya kawaida. Mwisho wa vyuo vingi ni wiki ya kwanza ya Januari, vingine Januari 15, vichache Februari 1. Common App inakuruhusu hadi vyuo 20, lakini usizidishe vinane au tisa; insha za haraka huonekana. Chagua kwanza kwa ufadhili, halafu kwa jina. Kila kimoja kitafute ukurasa wake wa wanafunzi wa kigeni, usome kama kinafidia mahitaji yote au kinatoa sehemu tu. Chuo kinachokupa nusu ni chuo ambacho hutakwenda. Ada za kuomba unaweza kusamehewa kupitia Common App. Kituo cha EducationUSA Nairobi hutoa ushauri bila malipo, waandikie mapema. Insha yako kuu isome tena kwa sauti mbele ya mtu asiyekujua vizuri. Akikuuliza maswali mengi kuliko ulivyojibu, iandike upya kabla haijaenda kwa hao wengine.

Na usidharau KUCCPS, mfumo wa kuwapangia wanafunzi nafasi za vyuo hapa Kenya. Baada ya matokeo, chagua kozi zako kwa moyo uleule. Nimeona watoto wakiiacha kwa kuwa macho yako Marekani, Aprili ikafika mikono mitupu. Ukipata Marekani, nafasi ya hapa utaiachia mwingine. Usipopata, mwaka mmoja chuoni nyumbani si hasara, ila uliza mapema jambo moja: vyuo vingi vya Marekani humhesabu aliyeanza shahada kwingine kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na ufadhili wa wanaohamia huwa mdogo zaidi. Anayepanga kuomba tena mwaka ujao akiwa na KCSE kamili huenda akafanya vyema kuahirisha kuanza chuo, akafanya kazi, akaendelea na lile darasa la jioni. Huo ni uamuzi wa Aprili, na wa kukaa na wazazi.

Kwa sasa pigia mwalimu, nunua daftari la mahudhurio, kamilisha orodha ya vyuo kabla ya mwaka kuisha. Matokeo yakitoka nitumie gredi zako zote, nzuri na mbaya, pamoja na rasimu ya barua. Nitaisoma siku hiyohiyo.